Ulizeni Tuwajibu: Gesi Inayong'ang'ania Jiwe

Mwezi huu barua za gesi na mawe nimeziweka pamoja, sababu zimekuja nyingi na zinashikana, ukijibu moja ukaacha nyingine unamwacha mtu njiani. Toka habari za bomba la mafuta la kutoka Uganda mpaka Chongoleani zianze, watu wa Tanga wanaiangalia ardhi kwa jicho jingine, na mimi hilo nalifurahia sana. Kuna majibu yatakuwa marefu, hasa la dada wa Chumbageni, manake pale ndo penye kiini cha jambo lenyewe.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi nipo Pongwe. Tulikuwa twachimbisha kisima, mafundi walipofika chini wakaanza kutoa jiwe jeusi, laini kidogo, linabanduka vipande vyembamba vyembamba ukilishika. Kijana wangu kasoma kwenye simu kwamba Marekani gesi wanaitoa kwenye mawe meusi ya aina hii. Je tumekalia gesi? Na kama ndivyo tumwone nani?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Kwanza kijana wako mpe hongera, alichosoma ni kweli. Jiwe la namna hio linaitwa sheili, ni tope laini sana lililotulia chini ya maji yasiyo na mawimbi, likafukiwa na tope jingine, likakandamizwa mamilioni ya miaka mpaka likawa jiwe. Kwenye lile tope kulikuwa na mabaki ya viumbe, mwani, vijiumbe vidogo vya baharini, majani yaliyosombwa na mito, na pale ambapo chini ya maji hakukuwa na oksijeni ya kutosha yale mabaki hayakuoza yakaisha, yakabaki. Hayo mabaki yakishapikwa kidogo na joto la ardhi yanakuwa kitu kinaitwa kerojeni, ndo kaboni ya viumbe vya zamani iliyofungwa ndani ya jiwe, na ndo inayolipa weusi. Jiwe lenye kaboni hio ya kutosha wataalamu wanaliita mwamba mama, sababu mafuta na gesi yote huzaliwa humo.

Sasa weusi peke yake hautoshi. Jiwe linaweza kuwa jeusi kwa sababu ya madini ya chuma na salfa tu. Kinachotakiwa ni kupima ni asilimia ngapi ya uzito wa jiwe ni kaboni ya viumbe, ikiwa chini ya nusu asilimia hapo hamna la maana, ikifika asilimia 2 kwenda juu ndo watu wa gesi ya sheili wanaanza kukaa vizuri kwenye viti. Halafu kuna suala la kupikwa. Kerojeni mbichi haina gesi ya kukupa. Inataka joto la kama nyuzi 60 mpaka 120 ndo itoe mafuta, na kuanzia hapo kwenda juu mpaka kama 200 ndo itoe gesi kwa wingi, na joto hilo kwa kawaida lipo kilomita kadhaa chini, sio mita hizo mlizochimba nyie. Upo uwezekano jiwe likawa lilishawahi kuwa chini sana zamani, likapikwa, baadae ardhi ikanyanyuka na vya juu vikamomonyoka likawa karibu, lakini likishakuwa karibu hivyo presha imeondoka, maji ya mvua na hewa vimeingia, gesi iliyokuwemo ilishajiendea zamani.

Upande wetu huu kuna chokaa ya enzi ya Jurasi, ile ile ya mapango ya Amboni, na chini yake kuna miamba ya Karoo, michanga iliyogeuka jiwe pamoja na sheili, kwa hio kukutana na jiwe jeusi sio ajabu. Chukua kipande kisichochubuka, kiweke kwenye mfuko safi, andika kimetoka mita ngapi na mahali gani, na uwaone Taasisi ya Jiolojia, GST, wapo Dodoma. Wanajiolojia wana kipimo kinaitwa Rock-Eval, unga wa jiwe unapashwa moto polepole kuanzia kama nyuzi 300, wanaangalia nini kinatoka na kinatoka kwenye joto gani, hapo wanajua kama jiwe ni bichi, limeiva au limeshaisha. Na mafundi wako waambie wasiingie kisimani na kiberiti wala sigara, na wasishuke bila kupitisha hewa kwanza. Hilo halisubiri maabara.

SWALI: Habari ya kazi mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, nipo Chumbageni. Nimesoma kwamba kwenye sheili gesi ya methani haikai tu kwenye matundu bali "imeshikwa" na kaboni. Imeshikwaje wakati methani haina chaji wala haina upande chanya na upande hasi? Sielewi kinachoishika ni nini.

JIBU: Nzuri mdogo wangu, na swali lako limenifurahisha sana maana watu wengi wazima wanaozungumzia gesi hawajawahi kujiuliza hilo.

Ni kweli methani haina chaji, kaboni moja na haidrojeni nne zimepangwa sawa pande zote. Lakini elektroni hazikai tuli. Kila nukta zinasogea, kwa hio kuna kitambo kifupi mno upande mmoja wa molekuli unakuwa hasi kidogo, na jirani yake naye anajibu kwa kusogeza zake, wanavutana. Umeshasoma shuleni, ni nguvu za van der Waals. Kwa molekuli moja na jirani mmoja nguvu hio ni ndogo hata haina la kusema. Sasa iweke hio molekuli ndani ya kitundu kidogo sana cha kerojeni. Molekuli ya methani ina upana wa kama nanomita 0.38 (nanomita ni milimita moja ukiigawa mara milioni), na vitundu vya ndani ya kerojeni vingi ni vya nanomita chache mpaka makumi, vingine havifiki hata 2. Kwenye tundu dogo namna hio molekuli inavutwa na ukuta wa kulia, wa kushoto, wa juu, wa chini, kila atomu ya kaboni iliyo karibu inachangia kidogo, ukijumlisha inakuwa nguvu ya kutosha kuifanya molekuli ikae pale ukutani badala ya kurukaruka katikati. Ndo kunata kwenyewe. Hakuna kifungo cha kikemia hapo, methani inabaki methani, ukipunguza presha au ukiongeza joto inaachia na kuondoka ikiwa nzima.

Hapa kwetu kila nyumba inajua jambo hili bila kujua, mama akifukiza nguo kwa udi, moshi ukiisha chumbani nguo bado inanukia siku nzima, na ukiivaa ukapata joto harufu inazidi kutoka. Ile harufu imenata kwenye nyuzi za nguo, na joto la mwili ndo linaiachisha. Methani na kerojeni ni hivyo hivyo.

Sasa twende mbele kidogo. Kwenye sheili gesi inakaa kwa namna tatu. Ipo iliyo huru, kwenye nyufa na matundu makubwa. Ipo iliyonata kwenye kuta. Na ipo iliyozama ndani kabisa ya kerojeni na lami yake, imeyeyukia humo, na kerojeni inavimba kidogo ikiipokea na kunywea kidogo ikiiachia. Kwenye sheili za Marekani zilizopimwa, ile iliyonata imeonekana kuwa kuanzia asilimia 20 mpaka 85 ya gesi yote, tofauti kubwa sana kati ya mwamba na mwamba, na kinachoamua zaidi ni kaboni. Kaboni ikiongezeka, kuta zinaongezeka, gesi iliyonata inaongezeka. Mtu atauliza mbona udongo wa mfinyanzi nao una matundu mengi mno na ndo sehemu kubwa ya sheili, kwa nini usiishike? Unaishika, ila ukiwa mkavu. Kule chini mwamba una maji, na udongo unapenda maji kuliko methani, kwa hio nafasi zinachukuliwa na maji. Kerojeni iliyoiva haipendi maji. Pale methani inabaki kuwa mwenye nyumba.

Na kitu kinachonivutia mimi zaidi ni kwamba vitundu vyenyewe vinazaliwa pamoja na gesi. Kerojeni ikipikwa, sehemu yake inageuka mafuta na gesi, inapoondoka inaacha uwazi, na uwazi huo ndo unaokuja kuishika gesi inayozaliwa baadae. Kwa hio kaboni inazaa gesi na wakati huo huo inaijengea mahali pa kukaa. Gramu moja ya sheili nzuri, ukizikunjua kuta zake zote, unaweza kupata mita za mraba kumi na zaidi.

Wewe ni wa sayansi nikupe na hesabu. Mmarekani Irving Langmuir mwaka 1918 alieleza kunata kwa gesi kwenye uso wa kitu kigumu, baadae akapata Nobeli ya Kemia 1932, na hesabu yake wanaitumia mpaka leo kwenye sheili. Fungu la nafasi zilizojaa ni presha gawanya kwa presha jumlisha presha ya nusu, ambapo presha ya nusu ni ile inayojaza nafasi nusu. Tuchukue mfano presha ya nusu ni baa 50 (baa ni kipimo cha presha) na mwamba upo kwenye baa 300. Nafasi zilizojaa ni 300 kwa 350, asilimia 86. Ukishusha presha mpaka 150, yaani umeondoa nusu nzima ya presha, zilizojaa ni 150 kwa 200, asilimia 75. Umeona? Umehangaika kote huko gesi iliyonata imepungua pointi 11 tu. Lazima ushuke mpaka baa 50 ndo ifike nusu, na ukifika 20 bado asilimia 29 imeng'ang'ania. Chora mchoro wake kwenye daftari, presha chini na fungu pembeni, utauona unapanda kwa kasi mwanzoni halafu unalala. Ndo maana mtu akikwambia "kuna gesi kiasi fulani kwenye sheili" bado hajakwambia itatoka kiasi gani, na haya mambo mawili watu wanayachanganya kila siku, hata kwenye magazeti.

SWALI: Mwalimu salaam. Sisi wavuvi, ukipita mikokoni maji yakiwa yametoka ukakanyaga tope hutoka mapovu na harufu ya yai viza. Hio ndo methani? Na ina uhusiano na gesi ya chini?

JIBU: Salaam kaka. Mapovu yanaweza kuwa na methani ndani yake, lakini harufu sio yake, methani haina harufu kabisa. Harufu ya yai viza ni haidrojeni salfaidi, na uiogope, ikiwa nyingi inaua pua kwanza halafu inaua mtu, usikae nayo mahali pasipo na upepo.

Kwenye tope la mikoko kuna vijidudu vya aina mbili vinagombea chakula kile kile, majani yaliyooza. Maji ya bahari yana salfeti nyingi, vijidudu vinavyotumia salfeti ndo vinashinda na vinatoa hio harufu, vile vya methani vinakuwa nyuma. Ukishuka chini zaidi kwenye tope ambako salfeti imekwisha ndo vya methani vinapata nafasi. Kwenye maji baridi, mashamba ya mpunga au mtambo wa biogesi, hakuna ugomvi huo, methani inatoka nyingi, na wale wanaojua pale Hale mabaki ya mkonge yalivyotumika kutengeneza biogesi na umeme wanaelewa nasema nini.

Kwa hio gesi ya mikokoni ni ya leo, imetengenezwa na vijidudu, haijapanda kutoka kilomita tatu chini. Wataalamu wanazitofautisha kwa kaboni yenyewe. Kuna kaboni 12 nyepesi na kaboni 13 nzito, vijidudu vinapendelea nyepesi, kwa hio kwenye methani yao kiasi cha kaboni 13, kikilinganishwa na kipimo cha kawaida, hupimwa chini ya hasi 60 kwa elfu, ya kupikwa na joto ipo juu ya hasi 50. Tena ya kupikwa mara nyingi inakuja na wenzake, ethani na propani. Lakini tope lako la mikoko lisidharauliwe, maana miamba mama mingi ilianza hivyo hivyo, tope, majani na kukosa oksijeni.

SWALI: Mimi ni mkazi wa Chongoleani. Mafuta yatakayokuja huku kutoka Uganda yanatoka kwenye mwamba wa namna hio mnayosema? Na kwa nini yao ni mafuta na ya Songo Songo ni gesi?

JIBU: Yalizaliwa kwenye sheili ndio, ila yalishahama. Ya Ziwa Albert asili yake ni mwani wa ziwani, kerojeni yenye haidrojeni nyingi, inatoa mafuta yenye nta nyingi, ndo sababu bomba la kilomita 1,443 lazima lipashwe joto njia nzima yasigande. Kerojeni ya majani ya nchi kavu ina haidrojeni kidogo, hio inaelekea kwenye gesi zaidi. Na hata kerojeni nzuri ya mafuta ukiishusha chini sana ikazidi joto, mafuta yenyewe yanakatika katika yanaishia kuwa methani. Ni aina ya kaboni na kiasi ilivyopikwa, basi.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kama gesi imeng'ang'ania jiwe kama ulivyomwambia mjukuu wangu wa Chumbageni (tumekisoma pamoja alichoandikiwa), mbona ya Songo Songo yatoka vizuri tu miaka yote hii?

JIBU: Mzee wangu, kwangu mimi wewe ndo wa kuamkiwa, shikamoo. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974 na kuanza kufika Dar es Salaam 2004, haimo kwenye mwamba mama. Ilizaliwa kwenye sheili, ikasukumwa nje na presha, ikapanda polepole mpaka ikaingia kwenye mchanga uliogeuka jiwe, juu yake kukawa na tabaka lisilopitisha, ikanaswa pale. Ya Mnazi Bay iliyogunduliwa 1982 ni hivyo hivyo, na ile ya baharini kina kirefu. Mchanga una matundu makubwa, kaboni hauna ya kuhesabika, gesi yote ipo huru. Ukichoronga ukafika, inakuja yenyewe.

Sheili njia zake ni nyembamba mno, inapitisha gesi kwa shida kiasi cha mara milioni moja kuliko mchanga mzuri. Kwa hio Wamarekani wanachoronga kwa kulala, wanapasua mwamba kwa maji ya presha kali yenye mchanga ili nyufa zisifunge tena. Kampuni ya gesi ya George Mitchell ilianza kwenye sheili inayoitwa Barnett, kule Texas, mwaka 1981, ikahangaika mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990 ndo ikapata njia inayolipa. Na vipimo vya mwanzo vya mwamba ule vilipunja kabisa gesi iliyokuwa imenata kwenye kaboni, walipopima upya wakakuta ni nyingi zaidi. Kisima cha sheili kikifunguliwa kinatoa kwa nguvu kwanza, hio ni ile gesi huru ya kwenye nyufa, halafu kinashuka haraka, mwaka wa kwanza tu kinaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake, baada ya hapo kinatoa kidogo kidogo miaka mingi, na hapo ndo ile iliyonata inapojitokeza kwa zamu. Tani moja ya jiwe inakupa mita za ujazo kama moja mpaka kumi. Ndo maana wanachoronga visima vingi vingi, na maji yanayotumika ni mengi sana. Mimi msimamo wangu sijaficha, nchi yenye gesi ya mchangani kama yetu haina haraka ya kwenda kupasua miamba mama, hasa ukanda wa pwani ambako maji ya kunywa yenyewe tunayatafuta.

SWALI: Mwalimu, nasoma chuo. Kuna mtu alisema ukipeleka kaboni dayoksaidi kwenye sheili inaitoa methani na yenyewe inabaki. Ni kweli au ni maneno?

JIBU: Ni kweli kwa kanuni. Kaboni dayoksaidi inanata kwenye kerojeni kwa nguvu zaidi ya methani, kwenye maabara ukiwapa jiwe moja nafasi wanapewa wote wawili lakini kaboni dayoksaidi inachukua nyingi zaidi, methani inasukumwa itoke. Mvuto wake kwa watu wa mazingira unaeleweka, unatoa gesi na kuzika uchafu mahali hapo hapo. Shida ipo kwenye ukubwa, kipande cha maabara ni sentimita chache na mwamba ni kilomita, kaboni dayoksaidi ikikutana na maji inakuwa tindikali inayokula madini, kerojeni inavimba zaidi na kuziba zile njia ulizokuwa unazihangaikia. Ukitaka mada ya mradi wako hapo pana kazi ya kutosha, anza na kupima mwamba mkavu na mwamba wenye maji, watu wengi wanapima mkavu tu halafu majibu yanakuwa mazuri kuliko hali ya kweli kule chini.

SWALI: Je gesi ikishatoka yote, ile kaboni kwenye jiwe inaisha?

JIBU: Haiishi. Kila methani inayoondoka inachukua haidrojeni nne na kaboni moja tu, kwa hio kinachokwisha ni haidrojeni. Kaboni inayobaki inazidi kujipanga bapa kwa bapa, inazidi kuwa nyeusi na kung'aa, na wataalamu wanapima kung'aa huko kwa darubini ili kujua jiwe lilifika joto gani. Ikipikwa kupita kiasi inaelekea kuwa grafaiti, haizai tena kitu.